Taa ya Injini na Tafsiri Yake: Kusoma Hitilafu Inayojirudia katika Magari Makuukuu, Mfano wa Shimanzi, Mombasa

Utangulizi

Magari mengi yanayoshushwa katika Bandari ya Kilindini huwa yameshatumika Japani, na baadhi yake hufika yakiwa bado yanazungumza Kijapani. Dereva anapowasha gari, sauti ya kike humwarifu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Dereva wa Mombasa huizoea sauti hiyo kama anavyouzoea mlio wa honi, wala haitafuti maana yake, kwa kuwa barabara inayozungumziwa iko ng'ambo ya bahari. Hata hivyo, lipo tamko jingine la gari hilo hilo ambalo hawezi kulipuuza kwa namna hiyo: taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi. Mitaani taa hii huitwa chekinjini.

Makala haya yanafafanua jinsi taa hiyo inavyosomwa, na kwa nini katika magari yaliyokwisha kuchakaa huzimwa leo ikawaka tena juma lijalo. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya kujirudia huko hutokana na tafsiri. Kompyuta ya gari hutoa taarifa ya kipimo; taarifa hiyo inapopita mdomoni mwa fundi na kufika sikioni mwa mteja, huwa imegeuka kuwa jina la spea. Upotevu wa maana katika tafsiri ni jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hushughulika nalo kila siku, kwa hiyo suala hili linawahusu hata wale wasiomiliki magari, nao ndio wengi.

Shimanzi na magari yake

Shimanzi iko upande wa kaskazini-magharibi wa Kisiwa cha Mombasa, ikipakana na bandari na reli. Ni eneo la matangi ya mafuta, maghala, malori na karakana. Magari yanayohudumiwa katika sehemu kama hii ni ya aina maalumu. Sheria ya Kenya, kupitia kiwango cha KS 1515:2000, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba gari la mtumba huweza kuanza maisha yake ya Mombasa likiwa na miaka sita au saba, kisha likatumika kwa miaka kumi au ishirini mingine. Toyota Probox iliyoundwa mwaka 2003 bado huonekana ikibeba mizigo, na Corolla za miaka ya 1990 hazijatoweka.

Umri peke yake hautoshi kueleza hali ya magari haya. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, navyo hula shaba ya soketi na ncha za waya, zikaota ukoga wa kijani usioonekana mpaka soketi ifunguliwe. Joto la injini nalo hukausha mpira wa hozi hadi ukapasuka. Aidha, ipo historia ya mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, tatizo lililoifanya serikali ya Kenya mwaka 2018 kutoza ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Kila moja ya mambo haya huweza kuwasha taa ile ile moja.

Taa ilikusudiwa kusema nini?

Ni vyema kuanza na asili ya taa hii, kwa sababu wengi hudhani iliwekwa ili kumlinda mwenye gari. Chimbuko lake ni sheria za kulinda hewa. Jimbo la California nchini Marekani ndilo lililoanza, kwa magari ya mwaka 1988, kuwataka watengenezaji waweke mfumo wa gari kujichunguza lenyewe. Kufikia mwaka 1996 mfumo mpana zaidi ulikuwa wa lazima kwa magari yote madogo yaliyouzwa Marekani, na Umoja wa Ulaya ukaufuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kazi kuu ya taa ni kuonya kwamba moshi unaotoka huenda ukazidi kiwango kilichowekwa. Ndiyo maana gari huweza kwenda vizuri, bila kutetemeka wala kupoteza nguvu, na taa bado ikawaka. Dereva anayesema gari lake halina tatizo lolote na anayesema taa yake imewaka huweza kuwa mtu mmoja, na kauli zote mbili zikawa za kweli.

Kwa mtazamo wa semiotiki, kuwaka kwa taa ni kile ambacho Charles Sanders Peirce (1839–1914) angekiita kielekezi: kinasababishwa na kile kinachokiashiria, kama moshi unavyosababishwa na moto. Lakini nyuma ya taa mna msimbo wa herufi na tarakimu uliohifadhiwa katika kompyuta, na msimbo huo ni alama ya makubaliano. Hauna uhusiano wa kimaumbile na injini. Maana yake imo katika orodha waliyokubaliana wahandisi, na asiyeijua orodha hawezi kuikisia.

Muundo wa msimbo

Msimbo wenyewe una mofolojia ambayo mwanafunzi wa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili ataielewa upesi. Chukua P0171. Herufi P ya mwanzo huonyesha kuwa habari inahusu injini na gia. Zipo nyingine za bodi, za mifumo ya magurudumu na breki, na za mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu 0 inayofuata ni kitambulisho cha msimbo wa wote. Ingekuwa 1, kwa kawaida msimbo ungekuwa wa kampuni iliyounda gari. Tarakimu ya pili hutaja mfumo: 1 na 2 ni za mafuta na hewa, 3 ni ya uwashaji na kumisi, 4 ni ya udhibiti wa moshi. Tarakimu mbili za mwisho hubainisha taarifa yenyewe. Kama ilivyo katika kitenzi cha Kiswahili, kila nafasi ina kazi yake na haibadilishani na jirani yake.

Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 hayana msimbo wa namna hii. Yana kisanduku kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Fundi huyaunganisha kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akaitazama taa yenyewe. Taa hupepesa kwa hesabu: mapepeso ya makumi, kituo cha sekunde moja na nusu, kisha mapepeso ya mamoja. Mawili kwa moja ni 21, taarifa ya sensa ya oksijeni. Mawili kwa matano ni 25, mchanganyiko mwepesi. Baina ya msimbo mmoja na mwingine kuna kituo kirefu zaidi, cha sekunde mbili na nusu. Kama hakuna hitilafu iliyohifadhiwa, taa hupepesa mfululizo bila vituo. Aliyezoea kuhesabu mizani hatapata taabu hapa, ila asidharau vituo, maana 21 na 12 hutofautiana kwa kituo tu.

Kati ya kizazi hicho na magari ya leo kuna kizazi kinacholeta mkanganyiko. Ni magari yaliyoundwa kwa soko la Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Mengi yana soketi ya matundu 16 chini ya usukani, sawa na yale ya Marekani, lakini kompyuta zake hazijibu lugha ya mashine za kawaida. Kifaa cha bei nafuu kilichounganishwa na simu huonyesha kwamba hakuna mawasiliano, na mwenye gari akadhani kompyuta imeharibika. Umbo la soketi ni moja. Itifaki ni tofauti. Inahitajika mashine inayoijua lugha ya kampuni husika kwa soko la Japani.

"Sensa imekufa"

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tatizo. Mwenye Probox ya teksi au ya mizigo anafika karakana akiwa na taa inayowaka. Mashine inatoa P0171. Anauliza swali ambalo karibu kila mteja huliuliza: "Fundi, ni kitu gani kimekufa?" Jibu linakuja: "Sensa ya oksijeni imekufa." Sensa inanunuliwa, inafungwa, taa inazimwa. Baada ya siku tatu inawaka tena, kwa msimbo ule ule. Sasa inalaumiwa sensa ya hewa, nayo inanunuliwa. Kwa mtu anayelipia gari kwa hesabu ya kila siku, spea mbili zisizohitajika ni mapato ya siku kadhaa, mbali na saa alizokaa kwenye benchi la karakana.

P0171 haitaji sensa yoyote. Inasema kuwa mchanganyiko ni mwepesi: hewa imezidi, mafuta yamepungua. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Sensa ya oksijeni iliyomo kwenye ekzosi hupima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua na kupeleka umeme mdogo, baina ya takriban volti 0.1 na 0.9. Umeme ukibaki chini, kompyuta huelewa kuwa oksijeni imebaki nyingi, ikaongeza mafuta. Ongezeko hilo huhifadhiwa kwa asilimia. Likifikia kikomo kilichowekwa na bado umeme uko chini, kompyuta hukata tamaa, ikaandika msimbo na kuwasha taa. Kwa hiyo sensa ya oksijeni mara nyingi ni shahidi aliyetoa ushahidi wa kweli, kisha akafungwa yeye.

Tofauti ya kauli hizi mbili ni ya kisarufi kabla haijawa ya kiufundi. Kiima cha kauli ya kompyuta ni "mchanganyiko". Kiima cha kauli ya karakana ni "sensa". Kauli ya kwanza inaeleza hali na kuacha chanzo wazi. Ya pili ina kiambishi -me- cha hali timilifu na kitenzi "kufa", ambacho katika Kiswahili cha vyombo (saa imekufa, betri imekufa, redio imekufa) humaanisha jambo limekwisha na halina la kuulizwa. Kifo hakichunguzwi, huzikwa, na mahali pake hununuliwa kingine. Ikumbukwe pia kwamba mteja mwenyewe ndiye aliyeanza kwa kuuliza "kitu gani kimekufa". Swali la aina hiyo halina nafasi ya jibu lisilokuwa nomino ya kitu kinachouzwa dukani.

Isidhaniwe kwamba lugha ya karakana ni duni. Kinyume chake ndicho kweli. Wale wanaolalamika kila mwaka kwamba Kiswahili hakina istilahi za ufundi wangefaidika kwa kusimama saa moja karibu na boneti lililofunguliwa. Huko gari hukohoa, humisi, hula oili, huishiwa pumzi, na hupona. Zaidi ya yote, gari "hunyonya hewa". Mvita atasema "yanyonya hewa". Maneno hayo mawili yanaeleza chanzo kimojawapo kikuu cha P0171 kwa usahihi kuliko msimbo wenyewe: hewa inaingia kupitia ufa, baada ya sensa inayoipima, na kompyuta haina habari nayo. Istilahi ipo. Kinachokosekana ni kuitumia mahali pake, yaani baada ya kuchunguza.

Kutoka dalili hadi chanzo

Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu hutenganisha mambo mawili ambayo haraka ya karakana huyaunganisha. Njia ya kuyatenganisha kwa P0171, katika injini yenye sensa ya kupima hewa kama ile ya lita 1.5 iliyomo katika Probox nyingi, ni kusoma asilimia ya mafuta yanayoongezwa katika hali mbili: injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa, na injini ikishikiliwa kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika.

Iwapo nyongeza ni kubwa injini ikiwa imetulia na inapungua inapokanyagwa, gari linanyonya hewa. Ufa wa hozi hupitisha hewa kidogo tu. Wakati injini imetulia, kidogo hicho ni sehemu kubwa ya hewa yote; injini inapovuta kwa nguvu, ni tone tu katika ndoo. Gari la namna hii huweza kwenda vizuri hadi Kilifi, kisha likatetemeka na kuwasha taa katika foleni ya feri ya Likoni. Dereva akisimulia hivyo, fundi msikivu amekwisha kupata nusu ya jibu kabla ya kuunganisha mashine. Nusu nyingine hupatikana kwa kubana hozi moja moja kwa koleo na kusikiliza iwapo mngurumo utabadilika, kuanzia hozi ya breki, hozi ya kupumulia ya injini, na mpira mpana ulio baina ya filta na injini, ambao hupasuka upande wa chini usioonekana.

Iwapo nyongeza huwa kubwa zaidi kadiri injini inavyofanya kazi, ufa si mshukiwa tena. Hapo huchunguzwa pampu ya mafuta, filta iliyoziba na nozeli chafu, au sensa ya hewa iliyoshika vumbi kwenye waya wake mwembamba, ikawa inaripoti hewa pungufu kuliko inayoingia. Waya huo mara nyingi huhitaji kusafishwa tu kwa dawa yake.

Hali mbili nyingine huwadanganya hata mafundi wenye uzoefu. Ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, na sensa ikaripoti oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini. Vilevile, silinda inayomisi haiunguzi oksijeni yake, hivyo huitoa nzima. Sensa huisoma na kusema mchanganyiko ni mwepesi, ilhali kosa ni la plagi au koili. Katika hali zote hizi sensa mpya itasema yale yale iliyoyasema ya zamani.

Hadhari moja haihusu tafsiri. Katika magari yenye mfumo wa kisasa zaidi, taa inayopepesa gari likiwa safarini huashiria kumisi kwa kiwango cha kuharibu kichujio cha moshi. Petroli isiyoungua hufika kwenye kichujio na kuungulia humo. Dereva apunguze mwendo mara moja na kusimama mapema awezavyo.

Kichujio hicho kina balaa zake. Ndani mna madini ya platini, paladi na rodi, yanayokifanya kitamaniwe na wezi na wanunuzi wa vyuma. Kiliuawa pia na risasi iliyokuwamo katika petroli, mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Msimbo P0420 husema kazi ya kichujio imeshuka chini ya kiwango. Nao hutafsiriwa upesi kuwa "kichujio kimekufa", hata kabla ya kutafutwa iwapo kuna silinda inayomisi, ambayo itakiua kichujio kipya kama ilivyokiua cha kwanza.

Kuzima na kupona

Katika karakana nyingi, taa huzimwa kwa kutoa teminali ya betri kwa dakika chache. Kumbukumbu ya kompyuta hufutika, na mteja huondoka akiwa amefurahi. Kwa hitilafu nyingi, kompyuta hairuhusiwi kuwasha taa kwa kosa la mara moja. Huliandika kosa kama tuhuma, ikangoja safari ya pili. Kosa likirudi, ndipo taa huwaka. Hii ndiyo sababu taa hurudi baada ya siku mbili au tatu, muda wa kutosha malipo kuwa yamekwisha kufanyika na dereva kudhani kwamba hii ni hitilafu mpya. Kufuta kumbukumbu huondoa pia picha ya tukio: joto la injini, mwendo, mizunguko na mzigo wakati kosa lilipotokea. Fundi wa pili huanza upya bila shahidi.

Magari ya kiwango cha mwaka 1996 na baadaye yana njia yake ya kuzima taa. Chanzo kikishaondolewa, taa huzimika yenyewe kwa kawaida baada ya safari tatu mfululizo bila kosa, na msimbo hufutika baada ya injini kupata moto mara 40. Aliyebadilisha hozi na kuiacha taa izimike yenyewe ana ushahidi ambao aliyetoa betri hana.

Wapo wanaochagua njia fupi zaidi ya kuondoa balbu ya taa au kuiziba kwa utepe mweusi, hasa gari linapokaribia kuuzwa. Mnunuzi afungue swichi bila kuwasha injini na kuitafuta taa: lazima iwake, kisha izimike injini inapowaka. Isipowaka kabisa, msemaji amenyamazishwa.

Kwa gari ambalo taa yake imerudi kwa mara ya pili au ya tatu, kinachosaidia zaidi ni karatasi. Andika juu yake msimbo kamili badala ya tafsiri yake, tarehe, kilomita, asilimia ya mafuta injini ikiwa imetulia na ikikanyagwa, mahali taa ilipowaka, na kilichofanywa. Karatasi hiyo ikae ndani ya gari. Mteja akirudi Shimanzi nayo, hatauliza tena ni kitu gani kimekufa. Atauliza kompyuta imepima nini, na fundi atalazimika kufungua boneti kabla ya kumtuma dukani.